Bolti ya nne: vidole vinaigusa, spana haizunguki

Swali limetoka kwa kijana aliyeko Kilwa Kivinje, mkoani Lindi. Nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo fundi. Tuna boti ya mbao ya kuvulia, injini yake ya dizeli imefungwa ndani. Pampu ya maji ya bahari inavuja kwenye shafti, nataka kuishusha nibadilishe sili. Bolti tatu nimezifungua bila shida. Ya nne iko nyuma, kichwa chake kimeelekea taruma la boti, ule ubavu wa mbao wa ndani. Vidole vinaigusa. Spana namba 13 inaingia, ila mpini unagonga taruma kabla haujazunguka vya kutosha kushika upya. Soketi na racheti haviingii kabisa. Jirani anasema nikate spana, mzee mwenye boti anasema tuinue injini. Kuna kifaa maalumu cha kazi hii, au nitengeneze? Na nikitengeneza, nianzie wapi?"

Marahaba mwanangu. Mwambie mzee, kwa heshima zote, kwamba injini haiinuliwi. Ikishatoka kwenye vitako vyake mtakuwa na kazi ya kuipanga upya na shafti ya propela, na boti italala pwani siku kadhaa kwa ajili ya bolti moja. Spana unaweza kuikata, lakini si leo asubuhi. Tutafika huko.

Kwanza maji. Pampu hiyo inavuta bahari kupitia tundu lililo chini ya boti, na ukiishusha huku koki ya kuingizia maji iko wazi, boti itajaa wewe ukiwa umeinama na tochi mdomoni. Funga koki. Koki za boti za zamani nyingi zina kutu na hazifungi sawasawa, kwa hiyo kama unaweza, subiri bamvua, zile siku maji yanapojaa na kupwa sana. Huko kwenu maji yakikupwa siku za bamvua boti inakaa mchangani yenyewe, unapata saa kadhaa za kufanya kazi bila wasiwasi. Halafu toa waya hasi wa betri. Spana iliyoingizwa kwa kupapasa ikigusa nguzo ya stata upande mmoja na mwili wa injini upande wa pili, inawaka kama rodi ya kuchomelea, na mkono wako ndio ulioishika.

Sasa bolti yenyewe. Katika barua yako kuna neno ambalo wengi hawalisemi: spana inaingia. Kumbe kufika unafika. Kinachokushinda ni nafasi ya kuzungusha, na hayo ni magonjwa mawili yenye dawa tofauti. Nimeona watu wakichomelea mikono mirefu ya kila namna ili wafike mahali ambapo tayari walikuwa wanafika, wakishamaliza wanakuta nafasi ya kuzungusha ni ile ile.

Kichwa cha bolti kina pande sita, kwa hiyo kila nyuzi 60 kinarudia sura yake. Spana ya mdomo, ile iliyo wazi mbele, ingehitaji kuzunguka nyuzi 60 ndipo uitoe na kushika upande unaofuata. Lakini itazame spana yako vizuri: mdomo haukunyooka na mpini, umelala pembeni kwa nyuzi 15. Haukulazwa kwa urembo. Vuta hadi ugonge taruma, itoe, igeuze tumbo juu, irudishe. Mdomo utashika mahali pengine, na sasa nyuzi 30 zinakutosha. Nimewakuta vijana wamehangaika na bolti nusu saa nzima bila kuigeuza spana hata mara moja. Jaribu hilo kabla hujasoma mbele, huenda ukaniacha hapa hapa.

Ringi spana, ile yenye kichwa cha duara kinachokizunguka kichwa cha bolti chote, ikiwa ya pembe 12 nayo inashika upya kila nyuzi 30, ya pembe 6 inataka 60. Racheti ni suala la meno: ya meno 24 inabofya kila nyuzi 15, ya meno 36 kila nyuzi 10, ya meno 72 kila nyuzi 5. Siku hizi kuna ringi spana zenye racheti ndani ya kichwa chenyewe, na nyingi zina meno 72. Hicho ndicho kifaa maalumu unachokiulizia, kama kichwa chake kitapita.

Humo ndani huwezi kupima nyuzi, kwa hiyo zigeuze ziwe sentimita. Mpini wa sentimita 15 ukizunguka nyuzi 30, ncha yake inasogea karibu sentimita 8. Ukizunguka nyuzi 5, inasogea sentimita moja na kidogo. Azima rula ya mtoto wa shule, weka spana kwenye bolti, sukuma mpini mpaka mwisho upande mmoja kisha upande wa pili, upime ncha imetembea kiasi gani. Tuseme umepata sentimita 4. Ringi ya kawaida ya urefu huo haitoshi. Yenye racheti ya meno 72 inatosha na kubaki. Na ringi ya kawaida ukiikata ibaki sentimita saba na nusu, nyuzi 30 zake zinahitaji sentimita 4 tu. Jirani yako hakukosea, ila spana fupi ina bei yake.

Bei ni hii. Kichwa namba 13 kwa kawaida ni bolti ya milimita 8, na bolti ya chuma ya kawaida ya ukubwa huo hufungwa kwa nyutonimita 20 hadi 25. Ukiwa na mpini wa sentimita 15, nyutonimita 25 ni kama kuvuta mzigo wa kilo 17. Ukiwa na mpini wa sentimita 7, ni kilo 36, tena kwa vidole vilivyopinda gizani. Na hapo tunasema bolti safi, si iliyokaa na chumvi miaka mitano. Spana fupi inafaa kuzungushia bolti ambayo imekwisha kulegea. Kuikwanyua mara ya kwanza ni kazi ya mpini mrefu, hata kama unasogea kidogo tu. Kwa hiyo usiikate spana yako ndefu. Kata nyingine.

Kabla hujanunua wala kukata, pima kitu kimoja zaidi: unene wa nafasi iliyopo kati ya kichwa cha bolti na taruma. Rula haiingii hapo. Mimi natumia ugali. Chukua donge la ugali wa jana ulioganda, lizungushie kipande cha nailoni kilichopakwa mafuta ili usinate, lisukume kwenye upenyo na kulibana kwa kidole, kisha ulitoe taratibu. Umepata umbo la nafasi yako lote, pamoja na ule ukingo wa taruma usiouona. Lipasue kwa kisu na upime. Udongo wa mfinyanzi unafanya kazi vizuri zaidi, lakini ugali hukosi.

Unene huo unakujibu maswali mawili. La kwanza, kama kichwa cha spana ya racheti kitapita, maana ni kinene kuliko ringi ya kawaida. La pili wengi hulisahau mpaka yawafike: je, bolti ina pa kutokea? Ikiwa bolti ina urefu wa milimita 40 na nyuma yake kuna milimita 25, haitatoka hata ukiizungusha mpaka jioni. Itabidi uilegeze yote kwenye hesi zake, ile mikato inayozunguka mwili wa bolti, halafu uitoe pamoja na pampu.

Na hapo ndipo pana mtego wa spana za racheti. Miaka michache iliyopita, hapa Mtwara, nilikuwa nafungua altaneta ya lori, bolti ndefu iliyoelekea chesisi. Nilikuwa nimenunua ringi ya racheti mpya, ile isiyo na kitufe cha kubadilisha upande, ukitaka kufunga unaigeuza tumbo. Nikazungusha kwa furaha, tik tik tik, bolti inatoka, mimi naimba. Kila mzunguko bolti ilikuwa inarudi nyuma na kuisukuma spana kuelekea chesisi. Mara ikagota. Mbele kichwa cha bolti, nyuma chuma cha chesisi, spana katikati haina pa kwenda. Kuirudisha bolti ndani sikuweza, kwa sababu racheti ilikuwa inazunguka bure upande huo na kuigeuza lazima kwanza uitoe. Kijana wangu alicheka mpaka akakaa chini. Tulilegeza vitako vya injini tukaisogeza kidogo kwa jeki ndipo ikatoka. Kwa hiyo ukinunua, nunua yenye kitufe cha kugeuza upande, au tumia racheti mizunguko michache ya mwanzo tu, ukamalizie na spana ya mdomo, ambayo siku zote inatoka kwa ubavu.

Hakikisha pia kwamba ni 13 kweli. Injini za Kijapani bolti ya milimita 8 mara nyingi ina kichwa namba 12, za Kichina na za Kijerumani ni 13, na injini za zamani za Kiingereza zinatumia inchi. Nusu inchi ni milimita 12.7. Spana 13 itaingia humo vizuri tu, ikicheza kidogo, na utakapoivuta kwa nguvu itakula pembe za kichwa. Zile bolti tatu ulizokwisha kuzitoa unazo mkononi. Jaribu spana juu yake, ukisikia inacheza, tafuta ya nusu inchi.

Vifaa vyenyewe. Ringi ya racheti nimekwisha kuisema. Kipo kingine, kichwa cha spana kisicho na mpini, chenye tundu la mraba pembeni la kuchomekea ekstensheni, ile fimbo ya kurefushia racheti, kwa hiyo unazungusha ukiwa mbali. Kwa boti yako kinaweza kufaa ikiwa juu ya bolti kuna njia ya kushusha ekstensheni sambamba na taruma, ingawa nacho kinahitaji nafasi ile ile ya kuzungukia. Ukikitumia na spana ya kupimia nguvu, kumbuka kimeurefusha mpini. Spana ya sentimita 25 iliyoongezewa sentimita 5 mbele, ukiiweka kwenye 20 inafunga 24. Ukikipachika kwa pembe mraba na mpini, kipimo hakibadiliki. Kipo kile kiungo cha kupinda kinachofanana na krosi ya propela, na hicho usinunue kwa kazi hii, kichwa kimetazama ukuta. Na ipo ringi spana iliyopindwa kama mundu, iliyobuniwa kwa ajili ya stata na manifoldi, inayozunguka kizuizi badala ya kukigonga. Hiyo ndiyo ninayoipenda, na ndiyo unayoweza kujitengenezea.

Madukani Lindi na hapa Mtwara utakuta seti za kawaida. Hizi za ajabu ajabu huja kwa kuagiza, na ukimpata mtu anayekwenda Dar es Salaam mwambie apite Gerezani, Kariakoo. Mpe namba, mpe na urefu ulioupima, la sivyo atakuletea inayong'aa kuliko zote. Kama huna muda wa kusubiri gari, tutengeneze.

Usianze na chuma, anza na waya. Spoki ya baiskeli inafaa sana: inapindika kwa mkono na haijirudi. Ingiza ncha moja mpaka iguse kichwa cha bolti, ikunje inapogonga taruma, ikunje tena inapogonga mwili wa pampu, mpaka ncha ya pili itokee mahali ambapo kiganja chako kinaweza kushika na kuvuta. Kisha, na hapa ndipo watu hukosea, usiitoe bado. Izungushe kama vile ni spana. Ikigonga kitu kabla ya kumaliza nyuzi 30, kunja upya. Waya ukishapita na kuzunguka, umepata ramani. Mara nyingi utashangaa kuona kunja moja ndogo inatosha, wakati kichwani ulikuwa umechora nyoka.

Spana ya kukata itafute kwa wauza vyuma chakavu. Usichukue ile laini ya bei ya chini kabisa, mdomo wake utafunguka kama chaza. Tafuta ringi ya zamani iliyoandikwa kwamba ni chuma cha kromu na vanadiamu, hata kama mpini umechakaa, almuradi pembe za ndani za ringi ziwe kali. Kwa bolti yenye kutu ringi ya pembe 6 inashika vizuri kuliko ya pembe 12, ila unarudi kwenye nyuzi 60. Mimi kwa nafasi ndogo nachukua ya pembe 12 na kukisafisha kichwa cha bolti kwa brashi ya waya hadi ringi ikae mpaka chini. Ringi iliyokaa nusu ndiyo inayokula pembe.

Kama ukuta wa ringi ni mnene na haupiti, punguza kwa grenda upande wa nje tu. Nusu milimita, chovya majini, nusu milimita nyingine, chovya. Chuma kikianza kugeuka rangi ya nyasi kavu, umefika kama nyuzi joto 220. Kikifika buluu ni karibu 300, na hapo umeng'ang'ania sana, simama. Usiguse ndani ya ringi kwa tupa hata kidogo.

Kukunja kunataka moto. Kama una gesi ya kuchomelea ni sawa, kama huna nenda kwa mhunzi. Moto wake wa mkaa na mivukuto unatosha kabisa, na mtu aliyezoea kukunja mapanga ataikunja spana yako vizuri kuliko fundi wa geti. Mwachie ule waya. Kabla ya moto, ondoa kwa grenda ile ngozi ya kromu pale patakapopashwa, ukiwa umefunika macho na pua, na kazi ifanyike nje upepo ukiwapiga ubavuni. Moshi wa kromu si wa kuvuta. Wala msifikirie kuurefusha mpini kwa kuchomelea kipande cha bomba la maji lenye zinki bila kukisugua kwanza: moshi wa zinki unakuletea homa na kutetemeka jioni yake, utakwenda kupima malaria wasiione.

Ringi izungushieni kitambaa kilicholowa na kuendelea kukilowesha muda wote, maana ugumu wake ndio unaouhitaji. Pasheni mpini tu, pale kwenye kunjo, mpaka uwe rangi ya chungwa. Kunjeni kwa pole, kwa mvuto mmoja. Ukififia na kuwa mwekundu wa giza acheni, rudisheni motoni. Chuma cha spana kikilazimishwa kikiwa kimepoa kinapata ufa usiouona. Ukimaliza, uzike mpini kwenye majivu makavu upoe wenyewe.

Usiuchovye majini. Mimi nilichovya, enzi za ujana, kwa sababu nilipenda ile sauti yake. Spana ikatoka ngumu, nzuri, nikajisifu. Nilipoivuta mara ya kwanza ilikatika pale pale kwenye kunjo kama kijiti cha muhogo mkavu, na mkono ukaenda moja kwa moja kwenye mapezi ya redieta. Kovu bado ninalo, kwenye kifundo cha kidole cha kati. Chuma hicho kikipozwa ghafla kinakuwa kigumu na kinakosa ustahimilivu. Kikipoa majivuni kinakuwa laini kidogo, kitapinda kabla ya kukatika, na hicho ndicho unachokitaka. Kwa sababu ni laini, usikitie bomba la kurefusha mpini.

Wengine hukata soketi ikawa fupi na kuichomelea mkono wa chuma bapa ubavuni. Inawezekana, na ina faida pale ambapo ringi haifiki chini. Ila chuma cha soketi kinapenda kupasuka pembeni ya mchomeleo, kwa hiyo pasha kwanza, tumia rodi za haidrojeni kidogo zilizokauka, na upozeshe majivuni vile vile. Kwako sioni haja.

Sasa iloweshe bolti leo, uifungue kesho. Mafundi wana dawa nyingi. Mimi nachanganya nusu mafuta ya gia ya otomatiki na nusu asetoni, natikisa kila ninapotumia kwa sababu havichanganyiki vizuri, nadondosha kwa bomba la sindano usiku na asubuhi. Asetoni inashika moto upesi, kwa hiyo sigara na jiko mbali. Moto wa gesi humo ndani, kwenye mbao zilizonyonya dizeli, usiufikirie kabisa. Kama bolti ni ya chuma cha pua na imeingia kwenye aluminiamu, chumvi huila aluminiamu na kuacha unga mweupe kwenye hesi, na hapo utahitaji subira zaidi kuliko nguvu. Gonga kichwa mara kadhaa kwa pini na nyundo ndogo kama kuna pa kugongea. Kisha anza kwa kukaza, si kulegeza, mguso mmoja tu. Ukisikia "tak", rudi nyuma. Kisha kaza tena kidogo, rudi zaidi.

Ukihitaji nguvu na mpini hauna urefu, shikanisha spana mbili: mdomo wa ya pili unabana ndani ya ringi au mdomo wa mwisho wa ya kwanza, unapata mpini mara mbili. Inateleza kwa urahisi, kwa hiyo vuta kwa kiganja kilichokunjuliwa, usiifumbate. Ikichomoka, vidole havitakuwa njiani.

Kabla bolti haijatoka, tandika kitambaa chini yake. Bolti ikianguka kwenye maji ya ngama, chini ya injini, utaitafuta mpaka kusi igeuke kaskazi. Watu wa nchi kavu wanategemea sumaku ya spika iliyofungwa kwenye kijiti, na kwa bolti ya chuma inafanya kazi. Lakini sehemu nyingi za boti ni shaba au chuma cha pua, na sumaku haishiki shaba kabisa, chuma cha pua cha baharini nacho inakishika kidogo mno au haikishiki. Funga uzi kwenye washa, ile pete bapa inayokaa chini ya kichwa cha bolti. Bolti nayo, ukiweza, ipitishie uzi chini ya kichwa, ikidondoka unaivuta kama samaki.

Kuona ni kazi ya simu. Washa tochi yake na video, ishushe taratibu upande wa taruma, itoe uangalie. Ni bora kuliko kioo cha kinyozi, ambacho kinageuza kila kitu na kukufanya ukaze badala ya kulegeza.

Pampu ikishatoka utakuwa umeshinda nusu. Sili mpya, gasketi mpya, na impela, lile gurudumu la ndani linalosukuma maji, itazame vile vile, kama mabawa yake yana ufa au yamelala upande mmoja badilisha, hutaki kurudi huku mwezi ujao. Halafu fikiria ile bolti ya nne. Kama tundu lake ni la kupenya mpaka kwenye mwili wa injini, unaweza kuweka skrubu isiyo na kichwa, ukaikaza kwa mkono ukiwa na nafasi, ili siku nyingine upachike pampu juu yake na kuzungusha nati tu. Pima kwanza kama pampu itapita juu ya ncha yake bila kugonga taruma. Ikishindikana, rudisha bolti, fupi kiasi inavyowezekana huku ikishika hesi angalau urefu sawa na unene wake, na zaidi ya hapo kama ni aluminiamu. Paka grisi ya baharini. Chuma cha pua juu ya chuma cha pua bila grisi huumana, na ukikaza kavu huenda usiifungue tena.

Kuanzisha bolti mahali usipoona, bandika kipande cha solotepu ndani ya ringi, au karatasi ya sigara, kichwa kibane na kisidondoke. Wengine hutumia bazoka iliyotafunwa, nayo inafaa. Nati naizungusha kwa kipande cha mpira wa kupitishia mafuta kilichovishwa juu yake: mpira unapinda kona, na hesi zikienda kombo unateleza wenyewe kabla hujaziharibu. Plagi za zile mashine za kupulizia salfa kwenye mikorosho nazifunga kwa mpira huo huo.

Usikaze hizo tatu nyepesi kwanza. Ingiza ya nne wakati pampu bado inaning'inia na inaweza kuchezacheza, ishike hesi tatu nne kwa vidole, kisha hizo nyingine, kisha kaza zote kwa zamu, msalaba. Fungua koki kabla maji hayajarudi, washa injini boti ikielea, uangalie maji yanavyotoka nyuma pamoja na moshi. Spana uliyoikunja itundike msumarini pamoja na waya wake, uandike kwa rangi juu ya mpini: pampu, bolti ya nyuma.